Kuukuu Kushoto Kwangu

Fundi alikuwa na uongo mmoja tu, ule wa mafundi wote: kesho. Ukimuuliza kazi yako itakuwa tayari lini, angekwambia kesho huku akijua fika kwamba ni keshokutwa, na ukimkazia macho angevua miwani na kuanza kuipangusa. Hilo watu wa mtaa walishamsamehe. Lakini kuhusu diski hakuwa na mzaha. Ukimletea laptopu inayojivuta, ile unayoiwasha ukaenda kuosha vyombo ukarudi haijafunguka, aliigeuza, akaitega sikio mgongoni, kisha akatoa hukumu bila kukupaka mafuta.

"Diski yako inazunguka bado, lakini imechoka. Siku ikigoma itaondoka na kila kitu chako. Tuiwekee SSD, diski ya kisasa. Ndani yake hakuna kinachozunguka, haina kelele, na mashine itafunguka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Sasa niambie ukweli: una nakala ya vitu vyako mahali pengine?"

Karibu wote hawakuwa na nakala. Hapo Fundi alipandwa na mori.

"Vyeti vya shule mnavificha chini ya godoro miaka nenda miaka rudi! Halafu picha za watoto wenu mnaziacha kwenye kisahani kinachozunguka!"

"Mwache mteja wa watu," sauti ilijibu kutoka upande wa pili wa meza. "Amekuja kutengenezewa, hakuja kusomewa mashtaka."

Huyo alikuwa mkewe. Wateja walimwita Bosi, na Fundi naye akaishia kumwita hivyo hivyo, kwanza kwa utani, baadaye kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao wenyewe, mlango mmoja unatazama barabara, mwingine unaingia ndani. Katikati palikuwa na meza ndefu yenye alama za kuungua kwa risasi ya kuchomelea. Bosi alikaa akitazama barabara, ili aone anayeingia na anayetaka kupita bila kusalimia. Fundi alikaa mkabala naye, mgongo kwa watu, taa imemwinamia, bisibisi mdomoni. Mtu alisalimiwa na mke, akatazama kisogo cha mume, na hakuna aliyelalamika.

Kati yao palikaa kifaa cheusi chenye matundu mawili juu, diski zinasimamishwa humo kama vipande vya mkate, ndiyo maana Bosi alikibandika jina la kibaniko. Kazi yake ni kunakili. Tundu la kushoto unaweka diski ya zamani, tundu la kulia unaweka mpya, unabonyeza kitufe kimoja, taa nne ndogo zinaanza kuwaka moja baada ya nyingine, na kila kilichomo katika ile ya kushoto kinahamia katika ile ya kulia. Kibaniko hakina kioo, wala hakiulizi swali. Ukikosea tundu hakikwambii kitu. Kinachukua utupu wa diski mpya na kuuandika juu ya vitu vyako vyote, mwanzo mpaka mwisho, na taa zinawaka vile vile, kwa uzuri ule ule.

Mwanzo mwanzo wa ndoa yao na wa biashara yao, nusura wafute kazi ya mwanafunzi mmoja iliyobaki kidogo tu imalizike. Bosi ndiye aliyeudaka mkono wa mumewe ukiwa juu ya kitufe. Jioni ile walitunga sheria: diski ataziweka Bosi, kibaniko kitamtazama yeye, na hakuna kubonyeza mpaka waulizane kwa sauti.

"Kuukuu?" Fundi aliuliza.

"Kushoto kwangu."

"Mpya?"

"Kulia kwangu."

"Bonyeza."

Ikawa desturi. Wateja wa siku nyingi waliitikia pamoja na Bosi, na kulikuwa na mwalimu mmoja, mtu wa masihara, aliyekuwa akipita barabarani anapaza sauti, "Kuukuu?" ili ajibiwe tu kisha aende zake. Fundi alipenda kumchokoza mkewe: "Kila kitu kwangu, kwangu. Mimi kwangu kiko wapi?" Bosi akamjibu, "Kwako ni kinyume, kama kawaida yako." Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Kwa kuwa Fundi alikaa mkabala, macho yake miaka yote yaliiona diski kuukuu imesimama upande wake wa kulia, na mpya upande wake wa kushoto. Jicho likizoea kitu halikiulizi tena.

Kisha Bosi akaugua. Ugonjwa wenyewe haukuwa na haraka, lakini haukuwa na mpango wa kurudi nyuma pia. Kiti chake kikabaki wazi, naye akahamia chumba cha ndani, kile kinachopakana na karakana kwa ukuta mwembamba. Binti yao wa pekee, aliyekuwa ameolewa mtaa wa mbali kidogo, wakati huo ndipo alipokuja na habari waliyoisubiri mpaka wakaacha kuiulizia: alikuwa mjamzito. Bosi alifurahi, akacheka, akalia, kisha akahesabu miezi kwa vidole juu ya shuka. Hesabu haikumtosha.

Kesho yake aliomba laptopu yake. Ilikuwa ya zamani, imefubaa pembeni, inanguruma ikiwashwa.

"Nikuwekee SSD kwanza," Fundi alimwambia. "Hiyo diski siiamini."

"Iache. Hiyo kelele yake inanipa mtu wa kuzungumza naye. Nikishaondoka utafanya utakavyo."

Akaanza kurekodi sauti yake. Alimrekodia mjukuu, siku akiwa na nguvu kwa kirefu, siku akiwa hana, kidogo tu. Na aliweka sharti, akawaapisha baba na binti wakiwa wamekaa ukingoni mwa kitanda.

"Asisikilize mtu kabla ya mtoto. Mkishamleta hapa nyumbani mwekeeni, awe wa kwanza. Haya ni yangu na yeye. Nyinyi mmenisikia mpaka mmechoka."

Kwa hiyo Fundi alifanya kazi karakanani huku akisikia mngurumo wa sauti ya mkewe ng'ambo ya ukuta. Maneno hayakupenya. Ilipenya sauti tu, inapanda, inashuka, inasita, mara inacheka. Vidole vya Bosi vilikuwa vimeishiwa nguvu, hivyo kila alipomaliza aligonga ukuta kwa pete na kuita, "Fundi! Njoo ubonyeze." Fundi aliweka bisibisi chini, akaingia, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, akamfunika miguu, akarudi kazini. Hakuna hata rekodi moja ambayo haikuhifadhiwa kwa kidole chake.

Bosi alifariki mvua zikiwa zinaanza. Fundi aliifunga laptopu, akaitandikia kitambaa, akaiweka rafu ya juu kabisa. Huyu ndiye mtu aliyewagombeza watu wazima kwa kukosa nakala, lakini kila aliponyoosha mkono kwenye rafu ile mkono ulirudi wenyewe. Alijiambia wiki ijayo. Za wateja aliendelea kuzinakili. Hakukigeuza kibaniko, alikiacha kikitazama kiti kitupu, naye akakifikia kwa kunyoosha mkono kutoka upande wake: kuukuu kulia, mpya kushoto. Yale maswali aliyauliza moyoni, na moyoni akajijibu. Kazi zote zikaenda sawa.

Binti alikuja tumbo likiwa limemtangulia mlangoni. Aliishusha laptopu ya mama yake kutoka rafuni ili aiangalie tu, akaiwasha, ikachukua muda mrefu wa kutisha, na ndani yake kitu kikawa kinagonga, ta, ta, ta.

"Baba, imeanza kugonga," alisema. "Wewe ndiye fundi. Usije ukaniambia imekufa wiki anayozaliwa mtoto."

"Haifi mikononi mwangu."

"Utatoa nakala kwanza?"

"Kunakili kwenyewe ndiyo nakala, mwanangu. Mpya itakuwa na kila kitu, na kuukuu itabaki na kila kitu. Mama yako atakuwa sehemu mbili."

Binti alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kisha akashika tumbo na kusema, "Nakuamini," jambo ambalo hakuwa na sababu yoyote ya kulisema, maana ni nani asiyemwamini Fundi kwa habari ya diski?

Alichagua mchana mmoja usio na wateja. Alifunga nusu ya mlango, akanawa mikono kwa sabuni, akavaa shati safi. Alifungua skrubu za laptopu, akaitoa ile diski polepole kana kwamba ingeamka. SSD alikuwa ameshainunua, ya ujazo ule ule, imelala kwenye kikasha chake, nyepesi, haijui kitu cha mtu yeyote. Na hapo akapata wazo ambalo lilimjia kwa mapenzi matupu, na mimi sina moyo wa kumlaumu kwa hilo: kazi ya Bosi ifanyiwe kwenye kiti cha Bosi. Hakuwa amekikalia tangu mkewe alipofariki. Alizunguka meza, akavuta kiti, akakaa akitazama barabara. Ilikuwa ajabu kuiona meza yake mwenyewe kutoka huko, na kiti chake kilivyo kidogo. Akafikiri, kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akiniona.

Macho yakiwa yamemjaa machozi, alisimamisha diski kuukuu kulia, palepale alipoizoea. Akasimamisha mpya kushoto. Maswali yalimjia mpaka kwenye ulimi. Lakini safari hii alikuwa kwenye kiti cha mwenye majibu, na majibu yale hayakuwa yake. Akaona haya kuyatamka. Angesema tu kwa sauti, "Kushoto kwangu," mkono wake ungeshtuka. Hakusema. Alibonyeza kimya kimya.

Taa ya kwanza ikawaka. Fundi akaingia ndani kuchemsha chai, na akiwa amesimama kando ya jiko akajikuta anaimba. Hakuwa ameimba muda mrefu. Alikunywa chai yake yote, akasuuza kikombe, akarudi. Taa zote nne zilikuwa zinawaka. Akaitia SSD ndani ya laptopu, akarudisha skrubu, akafuta kioo kwa mkono wa shati, akawasha.

Kioo kikawa cheusi. Mstari mmoja mweupe ukasema hakuna mfumo uliopatikana.

Alifikiri hajaikaza vizuri. Akafungua, akaikaza. Mstari ule ule. Akairudisha diski kuukuu, ikazunguka, ikanguruma kama zamani, na mstari ukarudi. Hapo ndipo alipoinua macho kukitazama kibaniko, kisha kile kiti cha upande wa pili, kiti chake, kikiwa kitupu mbele yake. Alielewa yote mara moja.

Jirani yake, kijana aliyetengeneza simu, alikuwa na programu za kurudisha vitu vilivyofutika. Fundi alimpelekea diski bila kusema ni ya nani, ingawa kijana alijua alipoona uso wake. Aliizungusha, akaipitisha huku, akaipitisha kule, mpaka jioni.

"Mzee," alisema mwishowe, "ingekuwa imefutwa tu, ningekupatia hata nusu. Lakini hii imeandikwa juu. Ni sifuri tupu, mwanzo mpaka mwisho."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi ndiye ninayewaambia watu hivyo."

Binti akapiga simu usiku ule kuuliza. Fundi akafungua mdomo aseme ukweli, na ulimi ukamwia mzito. "Bado inanakili," akasema. "Kesho." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya mtu kuhusu diski, na mtu mwenyewe alikuwa mwanawe. Kesho ikazaa kesho nyingine. Alijitetea kwamba mjamzito hapewi habari kama ile, na huenda ilikuwa kweli, lakini chini ya ule ukweli palikuwa na woga mtupu, na aliujua kwa jina.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Binti alikuja naye moja kwa moja kwa baba yake, kama mama yake alivyotaka, akapitia mlango wa karakana na kukaa kwenye kiti cha Bosi kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Alikuwa amechoka na ameng'aa. Alimfunua mtoto sikio.

"Haya, Babu. Tumemleta. Tumwekee."

Fundi alikuwa amesimama. Alitafuta mahali pa kuweka mikono, akakosa.

"Mwanangu, hakuna kitu."

"Hakuna kitu gani?"

"Nilikaa hapo ulipokaa. Nikaweka diski kama ninavyoziona kutoka upande wangu. Nimefuta. Zote. Mimi, kwa mkono wangu."

Binti alimtazama, bado akitabasamu, kwa sababu uso ulikuwa haujapata habari. Kisha akauliza, taratibu, lile swali alilolisikia utoto wake wote likiulizwa juu ya meza ile.

"Huna nakala mahali pengine?"

"Sina."

"Baba, wewe!"

"Sina, mwanangu."

Tabasamu likaondoka. "Nilijizuia," alisema. "Unajua mara ngapi nimeishika ile laptopu nikitaka kufungua moja tu, nimsikie mama yangu? Nikaacha. Nilisema ni za mtoto. Nilikuwa namtunzia." Machozi yakaanza kumdondoka juu ya shuka la mtoto, akayafuta shukani badala ya usoni. "Na ungeniambia siku ile ile. Siku ile ile! Ningelia nikiwa peke yangu. Umeniacha nimwambie mtoto njia nzima kwamba twende ukazungumze na bibi."

Fundi alikaa kwenye kiti chake, akainamisha kichwa, akalia waziwazi, na mtu aliyekuja mlangoni na laptopu kwapani alitazama, akageuka, akaondoka bila kubisha. Walikaa hivyo, mmoja kila upande wa meza, kibaniko katikati yao.

Kisha binti akasema, bila kumtazama, "Wewe ulikuwa ng'ambo ya ukuta. Ulisikia nini?"

"Maneno sikuyapata. Ukuta uliyazuia."

"Lakini ulimsikia."

"Nilimsikia alivyokuwa akisema. Alichokuwa akisema sikukisikia."

Binti alisimama, akazunguka meza, akamlaza mtoto mikononi mwa baba yake kwa namna iliyokuwa na hasira bado. "Basi mpe hicho."

Fundi alimtazama mtoto, asijue aanzie wapi. Kisha akafumba macho, akainamisha mdomo kwenye lile sikio dogo, akaanza kunguruma kooni, midomo imefungwa, kama alivyosikia ukutani: sauti ikapanda kidogo, ikashuka, ikasita pale Bosi alipokuwa akivuta pumzi, ikapanda tena, ikafanya kile kicheko kifupi kilichokuwa kikitoka puani. Hakukuwa na neno hata moja. Binti akashika ukingo wa meza. Alimjua. Alikuwa ni mama yake kabisa, anazungumza chumba cha pili na mlango umefungwa.

Mtoto alitulia akisikiliza. Fundi aliendelea mpaka mwisho, sauti ikapungua kama ilivyokuwa ikipungua Bosi akichoka, mpaka ikafika mahali pale ambapo pete hugonga ukuta, naye huitwa akabonyeze. Hapo akanyamaza. Akabaki ameinama, mtoto kifuani, kichwa amekielekeza ukutani, akingoja kuitwa.